Kaa la Moto la Bonde la Mihadasi

Wametupokeza wenye habari za kale, nami nawapokezeni kama nilivyozikuta, isipokuwa pale nilipoona zimepungua chumvi, ya kwamba katika mji wa Zarafani, mji wa milango tisa ya shaba na chemchemi zisizokauka, alitawala Sultani Naufali bin Badrani, naye alikuwa kijana wa miaka thelathini na miwili, mwadilifu, mpole wa maneno, mwenye hazina zilizojaa na majeshi yaliyomtii, na pamoja na neema zote hizo alikuwa amekonda hata pete za ufalme zikimvuka vidoleni.

Na kukonda kwake hakukuwa kwa maradhi. Zamani sana babu wa babu yake alimkaribisha mgeni katika sinia yake, na mgeni yule akamtilia sumu, na tangu siku hiyo zikawekwa kanuni mbili ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa. Ya kwanza, chakula cha Sultani kipite kwa waonjaji saba, na kila mwonjaji akishaonja angoje kitambo watu wahakikishe kwamba yu hai, kisha kivushwe mapazia saba, na Sultani ale peke yake. Ya pili, popote alipo Sultani, kasrini au safarini, mtu asimwambie mwenziwe "karibu" mbele ya chakula. Basi Naufali, aliyekalia kiti cha baba yake akiwa na miaka saba, hakupata tena kula chakula cha moto wala kumwona mtu akitafuna mbele yake. Pilau ilimfikia samli imeganda, mkate ulimfikia mgumu, na matabibu wakamnywesha shubiri na mvuje wakisema ni tumbo. Tumbo lake lilikuwa zima kabisa, maskini.

Na nje ya Mlango wa Wachukuzi, katika mji huo huo, alikuwa akikaa mjane mmoja jina lake Sikudhani binti Mbwana, mchomaji wa vitafunio. Alichoma mishkaki na mihogo, mahindi na ndizi, na ukwaju wake uliokorogwa kwa pilipili na sukari guru ulikuwa na sifa hata kwa watu wasiowahi kuuonja. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko chepesi, na hakupata kuona mtu anapita mbele ya moto wake asimwambie, "Karibu!" Alimkaribisha tajiri na mwombaji, mwenye kununua na mwenye kupita tu, na wengi wao wakajibu, "Ahsante, nimeshiba," wakaenda zao wakitabasamu.

Mwaka huo, ulipofika msimu wa baridi, Sultani akatoka kwenda kupiga kambi katika bonde la Mihadasi, mwendo wa siku tatu kutoka mjini, kama walivyofanya wazee wake, na mpishi wa wachukuzi akashikwa na homa siku ile ile ya safari, na wachukuzi, watu mia mbili wenye njaa, wakasema hawabebi hema wala kigingi asipochukuliwa Bi Sikudhani. Basi akachukuliwa. Na Waziri Ghanimi, mzee ambaye ndevu zake zilichanwa vizuri kuliko fikra zake, akamwita kando akamwambia:

"Ewe mwanamke, nasikia ulimi wako hauna kufuli. Jua ya kwamba katika kambi ya Maulana neno lile la sokoni halitamkwi. Ukilitamka mbele ya chakula, mkono wangu utakufikia."

"Nimesikia, Bwana Waziri," akasema Sikudhani. "Lakini mtu akinikuta ninatafuna, nimtazame tu kama mbuzi?"

"Mtazame kama mbuzi," akasema Waziri.

Wakafika bondeni siku ya tatu, wakasimamisha mahema ya hariri kwa ajili ya Sultani na ya turubai kwa ajili ya wengine, na baridi ya milimani ikawa inawauma masikio ingawa jua lilikuwa bado juu. Sikudhani akapata mawe matatu mazuri karibu na kijito, akawasha kuni za mkwaju, akazisubiri zishuke ziwe makaa, kwa sababu hakuwa mtu wa kupika juu ya ndimi za moto. Nyama ya mbuzi ilikuwa imelala ndani ya papai bichi, tangawizi na kitunguu saumu tangu jana yake, naye akaitunga kwenye vijiti vibichi ili visiungue, akaipanga juu ya makaa, bakuli la ukwaju wake likiwa kando, na harufu ikaenda zake mpaka kwenye vichaka vya mihadasi.

Hapo akatokea mtu mmoja mrefu, mtu mzima, kanzu yake ina vumbi la rangi ya majivu, hana fimbo wala mzigo, akaja akasimama hatua tatu kutoka motoni. Hakuomba kitu. Alisimama kama anavyosimama mtu aliyewakuta watu na chakula chao, macho ameyatupa pembeni kwa adabu.

Sikudhani akahisi neno linamjia mdomoni lenyewe. Akamwona na Waziri amesimama mbele ya mahema ya hariri, anamtazama. Akalimeza. Akainamisha kichwa akageuza mishkaki, akaigeuza tena, akaigeuza mara ya tatu, na aibu ikamchoma uso kuliko makaa, kwa kuwa katika maisha yake yote hakuwahi kumfanyia mtu jambo kama lile. Alipoinua kichwa, mtu yule hakuwapo.

Na ile mishkaki aliyoigeuza mara tatu ilikuwa mibichi vile vile. Makaa yalikuwa mekundu, ndimi zilikuwa zikiruka pembeni, lakini joto halikuwamo. Sikudhani akapeleka mkono polepole, akaugusa moto, kisha akautia mkono wote ndani, na ilikuwa kana kwamba ameutia katika mtungi wa maji. Kelele zikapigwa kambi nzima, kwa kuwa kila moto ulikuwa hivyo hivyo. Askari wakawa wanatumbukiza mikono motoni wakicheka kwa ajabu ile, kisha kicheko kikawaishia, maana baridi ilikuwa inashuka mlimani na kulikuwa na watu elfu moja kambini, na kurudi mjini ni mwendo wa siku tatu.

Waziri Ghanimi akamshika Sikudhani mkono akampeleka mbele ya Sultani, akasema, "Maulana, moto wa huyu ndio uliotangulia kupoa. Huyu ni mchawi, na dawa ya mchawi ni pingu."

Sultani Naufali akatoka nje ya hema lake, amejifunika joho la manyoya na bado anatetemeka, akamtazama Sikudhani kwa muda, akasema, "Mimi simfungi mtu kwa jambo nisilolifahamu. Lakini nina watu elfu katika bonde hili, na Mwenyezi Mungu ataniuliza habari zao. Ewe bibi, kama umeuharibu moto huu, utengeneze. Na kama jua litazama halijarudi joto lake, basi sitakudhuru mwili, ila hutawasha tena moto wa kupikia katika milki yangu maadamu u hai."

Sikudhani akaona afadhali angeambiwa pingu. Mumewe alipofariki, watu walikuja kumpa pole siku tatu wakaisha, na aliyebaki naye siku ya nne ni ule moto wake. Kwenye moto ule ndiko alikojifunza upya kuongea na watu, kucheka, kuamka asubuhi akiwa na jambo la kufanya. Asipochoma vitafunio yeye ni nani? Akasujudu, akatoka, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi wala hakuyaficha.

Na alipokuwa anafuta macho akaona jambo. Ndimi za mioto yote ya kambi zilikuwa zimelala upande mmoja, kuelekea kilima cha mawe ng'ambo ya kijito, na upepo haukuwapo. Akaufuata upande ule, akavuka maji, akapanda, na kila alipopanda akaona joto linaongezeka, mpaka akafika juu akamkuta mtu yule wa kanzu ya majivu amekaa juu ya jiwe, na kichwa chake sasa kilikuwa kinafika kwenye matawi ya miti, na mbele yake kilikuwa chungu kikubwa, na ndani ya chungu hicho lilikuwa joto la mioto yote, linatokota bila ya maji.

"Hodi, mzee wangu," akasema Sikudhani.

"Sasa umekumbuka adabu," akasema yule jini. "Mimi naitwa Dukhani, mlinzi wa joto la bonde hili na la nchi yote mpaka Zarafani. Mtu wa kwanza aliyewasha moto hapa, kabla ya mababu wa mababu zenu, aliniona napita akaniambia karibu, nami kwa furaha nikampa joto langu, tukapatana hivi: kwenu litoke neno, kwangu litoke joto. Sihitaji chakula chenu. Sisi majini harufu inatutosha. Miaka yote mahema yale ya hariri yakija mimi huyapita mbali, maana najua hayasemi. Lakini leo nimenusa ukwaju, nikajiambia, mwenye mkono huu hawezi kumwacha mtu amesimama. Nikaja mwenyewe kwa miguu yangu. Nawe ukanipa kisogo."

Sikudhani akasema, "Sina la kujitetea. Nilimwogopa Waziri. Tangu ulipoondoka nafsi yangu inanisuta, na hata kama moto ungekuwa haukupoa ningelala na aibu hiyo. Nisamehe, mzee wangu."

Jini akauchungulia uso wake, akaona hasemi uongo. "Wewe nimekusamehe," akasema. "Uso wako niliuona wakati unageuza vile vijiti, kidogo niseme mimi mwenyewe karibu. Lakini neno hukulimeza wewe, alikumezesha mwenye mahema." Akatia vidole chunguni akatoa kaa moja, kubwa kiasi cha limau, akaliweka juu ya kigae. "Chukua. Kaa hili lina joto la moto mzima, nalo litadumu mpaka jua liguse ukingo wa mlima. Naufali akinikaribisha kwa kinywa chake mwenyewe kabla halijawa jivu, joto lote narudisha. Asiponikaribisha, naondoka na chungu changu, na mji wenu wote mtakula mbichi."

"Na nikimweleza, ataniamini?"

"Usimweleze kwanza," akasema Dukhani. "Mpikie."

Sikudhani akateremka mbio na kigae chake, na jua lilikuwa limekwisha kupita alasiri. Akaliweka kaa lile kati ya mawe matatu, na hakulipulizia wala hakulitilia kuni, akalizungushia majivu ili joto lisipotee, akaanza kazi. Akafukia mihogo majivuni, karibu ya kaa lakini isiguse. Akapanga mishkaki, akaipaka ndimu na chumvi kwa shina la mchaichai alilolipondaponda ncha, na mafuta yakawa yanadondoka na kaa likawa linajibu kwa moshi mtamu. Akachoma mahindi mpaka yakapata madoa meusi, akayasugua kwa kipande cha ndimu kilichochovywa kwenye pilipili. Na ndizi mbivu akazilaza na maganda yao, zilipopasuka zenyewe akatilia ndani asali na iliki. Akawa anaimba kwa sauti ya chini huku mikono inakwenda, na ajabu ni kwamba hofu ilimtoka, kwa kuwa mtu anayefanya kazi aipendayo hana nafasi ya kuogopa sana.

Harufu ikaenda. Ikawapitia wachukuzi, wakasimama. Ikawapitia waonjaji saba, wakatazamana. Ikapita pazia la kwanza na la pili mpaka la saba, ikamfikia Sultani Naufali aliyekuwa amejikunyata juu ya mito, na Sultani akainua kichwa. Hakujua ile ni harufu ya nini. Alijua tu kwamba kinywa chake kimejaa mate, jambo ambalo halikumtokea tangu utotoni, akaondoka akafungua mapazia kwa mikono yake mwenyewe, akaifuata harufu mpaka kwenye mkeka wa Sikudhani.

"Ewe bibi," akasema, "nini hicho?"

"Vitafunio tu, Maulana. Vya watu wa kambini."

Waziri Ghanimi akaja anakimbia, joho amelishika mkononi. "Waonjaji! Waonjaji wako wapi? Maulana, kipitishwe kwanza!"

"Kikipitishwa kitapoa," akasema Sikudhani, na hapo ulimi wake uliokosa kufuli ukafunguka wenyewe. "Bwana wangu, mimi nitaonja hapa mbele yako." Akamega muhogo, akala. Akang'ata nyama, akala. Sultani akamtazama anavyotafuna, akamtazama kwa mshangao, kama kwamba amesahau kuwa watu hufanya hivyo, kisha akaketi juu ya mkeka, akachukua kijiti kimoja, akang'ata.

Akaungua ulimi, akaruka. Askari wakashika panga. Lakini Sultani alikuwa anacheka, anapuliza mdomo wake, machozi yanamtoka, akisema, "Ni cha moto! Wallahi, ni cha moto!" Akamaliza kijiti, akashika kingine, akachovya muhogo kwenye ukwaju, pilipili ikampanda puani, akapiga chafya mbili, akaendelea. Hakuna aliyepata kumwona hivyo, na wachukuzi mia mbili waliokuwa wamezunguka wakaanza kucheka pamoja naye.

Hapo Sikudhani akalitazama kaa. Lilikuwa limeanza kuwa jeupe pembeni, na jua lilikuwa limebakisha kama upana wa kiganja kufika ukingo wa mlima. Na mtu yule wa kanzu ya majivu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka mkekani, macho pembeni, anangoja.

Akamweleza Sultani yote kwa maneno machache: mgeni ni nani, ameudhiwa na nini, na anataka nini. Waziri akapaza sauti, "Maulana, kanuni ya wazee wako! Neno hilo ndilo lililoingiza sumu katika nyumba yako!"

Sultani akamtazama Waziri, akawatazama watu wake wanaotetemeka kwa baridi, akamgeukia mgeni, akasema kwa sauti ya barazani, "Na asogezwe mbele yetu!"

Mgeni hakutikisika.

"Tunamruhusu kuwapo," akasema Sultani.

Mgeni akatazama pembeni vile vile, na kaa likapasuka kidogo likatoa jivu.

"Bwana wangu, hizo ni amri," Sikudhani akasema kwa upole. "Sema lile neno tu."

Sultani Naufali akainama karibu na sikio lake ili watu wasisikie. "Sijui linavyosemwa," akasema. "Tangu nina miaka saba hapajawa na mtu wa kumwambia. Likitoka vibaya?"

Sikudhani akamhurumia kwa moyo wake wote, akasahau kwamba huyu ndiye aliyetaka kumzimia moto wake. "Halitoki vibaya, Bwana wangu. Kula ile ndizi. Kisha jisogeze kidogo kwenye mkeka, uache nafasi ya mtu mmoja."

Sultani akafungua ganda la ndizi, mvuke wa asali na iliki ukamfunika uso, akala kipande. Akafumba macho. Kilikuwa kitamu mno hata kikamtia huzuni, kwa kuwa alitaka kumwambia mtu, "Na wewe onja," na akakumbuka sahani zote alizokula peke yake nyuma ya mapazia kwa miaka ishirini na mitano. Akajisogeza mkekani. Akaishika nusu ya ndizi iliyobaki akaielekeza kwa mgeni, na neno likamtoka bila ya sauti ya barazani wala ya ufalme.

"Karibu, mzee wangu. Karibu tule. Ila angalia, ya moto hiyo."

Jini Dukhani akaja, akaketi penye ile nafasi, akaweka mkono kifuani, akasema, "Ahsante, mwanangu. Nimeshiba." Na hapo mioto yote ya kambi ikarudiwa na joto lake kwa mara moja, na waliokuwa wametia mikono motoni wakaitoa kwa makelele, na jua likazama. Mgeni akanyanyuka, akamwinamishia Sikudhani kichwa, akaenda zake mihadasini kwa miguu.

Sultani akavunja kanuni zote mbili pale pale mkekani, huku anakula hindi. Waonjaji saba akawapa ruhusa ya kula mpaka washibe badala ya kuonja, nao wakaitumia ruhusa hiyo vizuri sana. Waziri Ghanimi hakumwadhibu. Alimwamuru akae karibu na moto na kumkaribisha kila apitaye, na mpaka wanavunja kambi mzee alikuwa amelizoea neno, na watu wanasema alilipenda. Na Sikudhani akaulizwa anataka nini, akasema moto wake unamtosha, lakini Sultani akampa bustani ya mikwaju, na nyumba ya mawe, na mbuzi mia, na vijiti vya fedha vya kuchomea ambavyo hakuvitumia kwa sababu vilimuunguza vidole.

Wakarudi mjini. Na kila Ijumaa Sultani akawa anasikia habari za moto wa nje ya Mlango wa Wachukuzi, akijizuia kwenda, mpaka siku moja, baada ya miezi michache, akavaa kanzu nyeupe isiyo na dhahabu, akatoka peke yake kwa miguu, naye kwa wakati huo alikuwa amenenepa na pete zimemkaa. Akaja akasimama hatua tatu kutoka motoni, macho ameyatupa pembeni.

Sikudhani akamwona. Soko zima likamwona. Akainamisha kichwa akageuza mishkaki, akaigeuza tena, akaigeuza mara ya tatu, na safari hii alikuwa anajizuia kucheka. Kisha akajisogeza kwenye mkeka akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Karibu, Bwana wangu," akasema.

Naye Sultani Naufali hakusema kwamba ameshiba.

Wakafunga nikahi, na harusi yao ikadumu siku arubaini bila ya pazia hata moja, na Sikudhani akawa malkia anayepika kwa mkono wake, na wakaishi katika raha mpaka alipowafikia yule asiyemwacha mtu. Basi nanyi mkiwa na chakula, nyumbani au kambini, msimwache mtu amesimama. Maana nchi nzima ya Zarafani ilibaki kidogo tu ianze kula nyama mbichi kwa sababu ya neno moja lililomezwa.